Salamu Iliyobaki Mlangoni

Uvumilivu wangu uliishia Kileleshwa, katika ofisi yenye zulia, mbele ya mwanamke aliyekuwa akikoroga chai. Nilikuwa nimesimama, blauzi imelowa maziwa kifuani, miguu imejaa vumbi, nikimweleza kwa mara nyingine tena kwamba mtoto anayelia chumba cha pili ni wangu. Yeye aliendelea kukoroga. Halafu akaniambia, polepole, kama anayefunza mtoto wa nasari, "Mama wa huyu mtoto tuko naye hapa tayari. Amesema mwenyewe ni wake. Sasa wewe ni nani?"

Nikaichukua ile chai nikaimwaga dirishani. Kikombe kikaenda nayo, na kijiko.

Mmeniuliza nyote. Kwenye bomba la maji, kanisani, hata Mzee Njoroge mwenye ploti amenisimamisha getini. Mnataka kujua kwa nini siku ile tulirudi kwa miguu, wifi yangu amevaa gauni lisilo lake, mimi sisemi na mtu. Kila mmoja nimempa kipande na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Sasa nimeketi niandike yote mara moja, msome, halafu mniache. 

Mnajua nimewahi kusafiri kutoka hapa hadi Masaka, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na mimba kubwa. Nilizaa huko nikarudi na mtoto mgongoni. Watu wakasema, ai, hiyo ni safari. Haikuwa safari. Safari ni hii ya kutoka Riruta kwenda mjini na kurudi.

Riruta, kabla hatujatoka getini

Kwa wale ambao hawakumfahamu vizuri: Namuli ni dada mkubwa wa mume wangu. Mume wangu, Kizito, ni Mganda, fundi wa friji, na wakati huo alikuwa Kampala kikazi. Namuli alikuja kumwona Mirembe, binti yetu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa. Kwao dada wa baba anaitwa ssenga, na si shangazi wa kuleta biskuti Krismasi. Ssenga ndiye mwenye mtoto. Anamfunza, anamkanya, na akija kuolewa ssenga ndiye anayeulizwa kama posa inafaa. Namuli alipofika alimtoa Mirembe mikononi mwangu kama mtu anayechukua mzigo wake stendi.

Na Namuli hamsalimii mtu mzima akiwa amesimama. Anapiga magoti. Magoti yote mawili, chini, hata kama ni kwenye matope ya kwetu, anainamisha kichwa, anauliza habari, anangoja ajibiwe, ndiyo anainuka. Siku ya kwanza alimpigia Mzee Njoroge magoti pale getini, na Mzee akarudi nyuma akashika ukuta.

"Mwambie kodi sipunguzi," akaniambia.

"Anakusalimia, Mzee."

"Anasalimia nani hivyo? Mimi si askofu."

Lakini mliona wenyewe. Baada ya wiki moja Mzee Njoroge alikuwa anatoka nyumbani kwake asubuhi amechana nywele, anazunguka pale bombani bila ndoo, akingoja kusalimiwa.

Mimi sipigi magoti. Niliwaambia huko Masaka waziwazi. Kwa mila yao mke anampigia magoti dada wa mumewe kama anavyompigia mumewe, kwa sababu huyo dada naye ni mume, ila ni wa kike. Mama mkwe alinieleza taratibu, nikamwambia mimi ni Mkamba niliyekulia Riruta, magoti yangu ni ya kanisani na ya kudeki.  Namuli ndiye aliyecheka. Akasema, "Mwacheni, ni Mkenya. Wao husalimiana kama watu wanaofukuzana."

Jambo lingine mlijue, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Namuli anakiogopa Kiswahili. Anakijua kidogo, cha kuombea chumvi, lakini kwao watu wa umri wake walikisikia kwanza kutoka kwa wanajeshi, barabarani, bunduki begani. Ukipaza sauti kwa Kiswahili yeye hasikii maneno. Anatazama chini na kufanya chochote anachoambiwa.

Basi. Mnakumbuka mwaka ule redioni na kanisani walikuwa wakitangaza kwamba wananchi watoe maoni, kama tunataka nchi zetu tatu ziwe nchi moja, rais mmoja, bendera moja. Wengi wenu mlisema hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi nilikuwa na swali. Habari za makaratasi nazirukia, mnajua nilivyozungushwa, lakini mwisho wake niliambiwa hivi: mtoto amezaliwa kule, baba yake ni wa kule, kwa hivyo hapa kwetu Mirembe ni mgeni. Nimembeba tumboni, nimemzaa, analala kitandani kwangu Riruta, halafu ni mgeni wangu. Nilitaka nisimame mbele ya hao wakubwa nimeshika mtoto mkononi niwaulize: mkiziunganisha hizi nchi, huyu ataacha kuwa mgeni kwa mamake?

Namuli akasema twende wote. Akavaa gomesi yake ya manjano, lile gauni la kwao lenye mabega yaliyosimama, akafunga mshipi wa kung'aa kiunoni, akambeba Mirembe mgongoni kwa leso yangu. Ploti nzima ilitoka kumwangalia. Hata Mama Shiru aliyekuwa hanisemeshi alisema, "Huyo ni kwini."

Hatukufika mbali. Hapo Naivasha Road lori la mchanga lilikanyaga dimbwi, na kwini akageuka rangi ya udongo kutoka kiunoni hadi chini. Ndala moja ilibaki kwenye matope, tukaitafuta kwa kijiti na hatukuiona. Mirembe hakupata hata tone. Namuli alikuwa ameligeuzia lori tumbo lake.

Jamhuri

Dada yangu Kalondu anakaa Jamhuri na anapikia mafundi wa ujenzi. Tukapita kwake kubadilisha nguo. Kalondu ni mwembamba kama mimi na Namuli ni mwanamke wa kutosha, kwa hivyo nguo iliyomwingia ilikuwa moja tu: gauni la kahawia ambalo Kalondu hupikia, limepauka, limechanika kwapani, lina alama za mafuta. Viatu vikakataa kabisa. Akapewa malapa ya bafuni, moja ya bluu na nyingine nyekundu.

"Ni ya leo tu," Kalondu akamwambia. "Hiyo gomesi naifua sasa hivi, mkirudi mtaikuta kwa kamba."

Akatuwekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, moto, umekaangwa na vitunguu na maharagwe. Namuli akala kwa heshima, akamaliza, akanawa mikono. Kisha akaniegemea akauliza kwa sauti ndogo chakula kitaletwa lini. Kwao chakula ni matoke. Hayo mengine yote ni ya kusindikiza au ya watoto wa bweni. Kalondu akasikia.

"Mwambie huko anakoenda wakiunganisha nchi, nitaanza kupika matoke. Kabla ya hapo ni mahindi."

Nikamtafsiria kwa Kiingereza, ndiyo lugha tunayoelewana. Namuli akacheka mpaka mtoto akaamka. "Na wewe mwambie, wakiunganisha, nyinyi mtajifunza kusalimia? Nimeingia humu ameniambia 'sasa' halafu akageukia sufuria."

"Sufuria ingeungua," Kalondu akasema.

Nawaandikia haya ya Jamhuri kwa sababu yalikuwa mazuri. Tulitoka pale tumeshiba, tunacheka, na ni mimi niliyemfunga Namuli ile leso vizuri mgongoni.

Mjini, ngazi za ukumbi

Ukumbi wenyewe siutaji jina. Una ngazi pana mbele na sakafu inayong'aa mpaka unaona nguo yako ya ndani. Tulifika mapema, tukaambiwa mkutano umechelewa, wageni kutoka hizo nchi nyingine bado wako hotelini. Soja mmoja mlangoni, kijana mnene mwenye kofia, akatuelekeza kando.

"Wananchi ni mlango wa pembeni, madam. Huu ni wa wageni."

"Na huyu ni mgeni," nikamwambia, nikimwonyesha Namuli. "Ametoka Uganda."

Akamtazama kuanzia malapa hadi kichwani. Akacheka na mwenzake.

Tukangoja. Jua likapanda. Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa na hakuna aliyejua mwenye ufunguo. Nilikuwa nimebanwa, nikamwambia Namuli akae kwenye ngazi kivulini na mtoto, naenda chooni narudi. Choo cha ndani kilikuwa na foleni. Nikiwa kwenye foleni vipaza sauti vikawaka na msomi mmoja akaanza kuongea kuwachangamsha watu, Kiswahili kizuri cha kitabuni. Alisema sisi ni ndugu. Alisema mila zetu ni mti mmoja, mipaka ilichorwa na wageni kwa rula. Ukiingia kijiji chochote cha nchi hizi tatu, alisema, utatambuliwa kwa salamu yako. Nikafurahi, nawaambia ukweli. Nikasema moyoni, huyu atanijibu swali langu.

Nikatoka. Kwenye ngazi hakukuwa na mtu. Kulikuwa na lapa moja ya bluu, na sarafu zimetawanyika kwenye vidato.

Mlijue jambo hili, ninyi wenye watoto. Mtu hapigi nduru. Nilidhani ningepiga nduru. Nilisimama nikaziangalia zile sarafu, na kitu pekee nilichofikiria ni kwamba mtoto hajanyonya tangu Jamhuri.

Mzee mmoja anayepaka viatu rangi hapo kando akaniita. "Mathe, wewe ndiye uliyekuwa na yule mama mkubwa?"

"Wako wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Wako wapi?"

Akaniambia alivyoona. Gari refu lilisimama, akashuka mwenyekiti wa mkutano, mzee mwenye mvi, na wenzake nyuma yake. Namuli alipomwona mzee wa namna hiyo anapanda ngazi akafanya alivyofunzwa tangu akiwa mtoto. Akapiga magoti, mtoto mgongoni, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa lugha yao. Mwenyekiti akasimama kidogo. Akajipapasa mfukoni, akamwangushia sarafu kwenye paja, akapita.

"Hakusema kitu?"

"Alisema 'pole mama'. Halafu wale wa nyuma wakaona mkubwa ametoa, na wao wakatoa. Wengine walikuwa wanarusha tu. Na yeye hakuinuka, mathe. Alikuwa bado amepiga magoti kama anayengoja kitu."

Alikuwa anangoja aitikiwe. Huinuki kabla hujaitikiwa.

Hapo ndipo soja alipomjia. Kumbe siku hiyo palikuwa na gari la shirika fulani la kusaidia watoto wa ombaomba, limeletwa lizunguke hapo ili wageni wasione aibu ya mji wetu. Soja akampigia kelele kwa Kiswahili, inuka, toka, wageni wanaingia. Mnajua tayari alichofanya Namuli. Alitazama chini. Walipomwambia panda gari, akapanda.

Nilimwendea yule soja. Nikamuuliza dada yangu yuko wapi.

"Dada yako ni chokora?"

"Ni mgeni wa mkutano. Nimekwambia ametoka Uganda."

"Wageni hawakai chini kwa ngazi na kuomba."

"Alikuwa anasalimia."

"Nani anasalimia hivyo?" akasema, na niliona usoni mwake kwamba hanidanganyi. Alikuwa ameshangaa kweli. "Mimi mamangu hajawahi kunisalimia hivyo. Kila mtu aliona anaomba. Hata mwenyekiti."

Nyuma yake vipaza sauti vilikuwa bado vinasema sisi ni ndugu.

Mzee wa viatu ndiye aliyeniambia gari hilo hupeleka watoto Kileleshwa, nyumba gani hajui. Nikainama nikaokota zile sarafu zote na ile lapa. Sijui kwa nini. Mkono ulijiendea. Nikazifunga kwenye ncha ya kitambaa changu cha kichwa nikaondoka.

Kileleshwa, geti kwa geti

Matatu ilinishusha nikaanza kutembea. Kileleshwa ukiijua ni miti na kuta. Maghorofa yanafanana, mageti yanafanana, na hakuna mtu nje wa kumuuliza. Nilibonyeza kengele za watu. Soja mmoja aliniambia hawanunui mboga. Mwingine aliniambia kazi ya nyumba imeshachukuliwa. Mama mmoja ndani ya gari alishusha kioo kidogo, nikamwambia natafuta mtoto wangu, akasema "pole sana" akapandisha kioo. Tangu siku hiyo nalichukia neno pole.

Maziwa yalikuwa yameanza kutoka. Wanaojua wanajua. Mwili unajua saa ya mtoto hata ukiwa umesahau jina lako.

Aliyenisaidia ni msichana wa kazi aliyekuwa anaanika mashuka kwenye roshani. Alinisikia najisemesha kwa Kikamba, akainama juu ya ukuta akauliza kwa Kikamba kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akasema kwao ni kilima cha pili. Hakuniuliza zaidi. "Hapo chini, geti la kijani. Usiseme umekuja kulalamika, hawatakufungulia. Sema umeleta nguo za watoto."

Nikasema nimeleta nguo za watoto. Wakafungua.

Kileleshwa, ndani

Sasa tumefika kwenye ile chai.

Yule mama wa ofisi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alinionyesha kiti. Alisema mama mzazi wa mtoto ameulizwa mara mbili, mtoto ni wa nani, akajibu mara mbili, mtoto yangu. Alisema ameulizwa wametoka wapi, akasema Masaka. Mimi nikatoa kadi ya kliniki mfukoni kumwonyesha jina langu, akaisoma.

"Hii pia inasema Masaka. Na wewe unaonekana ni wa hapa. Kadi ya huyo mama unayo wewe kwa nini?"

"Ni kadi yangu. Nilizalia huko."

"Mtoto ni wa Uganda?"

"Mtoto ni wangu."

"Kama ni wa Uganda si wa kukaa hapa. Kuna utaratibu. Tunawapatia wa mpakani wampokee na mama yake."

Mpakani. Nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi kuuliza wakubwa mtoto wangu atakuwa wa nchi gani, na hapa mtu mwenye kijiko ananijibu. Nikamweleza tena. Akaniuliza mimi ni nani. Chai ikaenda.

Baada ya hapo nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja wawili, na Namuli akaletwa kutoka chumba cha pili na Mirembe kifuani, ili aseme mbele yangu kama ananijua. Alisimama ukutani na gauni la Kalondu, mguu mmoja mtupu. Mimi nikamwambia kwa nguvu zote, waambie, Namuli, waambie mimi ndiye mama yake.

Hakuniangalia. Alitazama zulia.

Nilishtuka kuliko pale kwenye ngazi. Nikasema huyu naye amenikana. Nikapaza sauti zaidi, ongea, wewe, ongea. Naye akazidi kuinama, akamfunika mtoto kichwa kwa mkono wake. Ni ule mkono ulionifumbua macho. Alikuwa anamficha mtoto asinisikie. Nilikuwa nampigia kelele kwa Kiswahili, na walinzi wawili wamesimama nyuma yangu.

Nikanyamaza. Kiingereza chetu cha nyumbani kilikuwa kimenitoroka, na Kiganda changu ni cha maneno ya sokoni. Nilikuwa na kile kitu kimoja nilichokikataa mbele ya ukoo mzima. Nikapiga magoti. Hapo hapo kwenye zulia, magoti yote mawili, kichwa chini, nikasema, "Gyebaleko, nnyabo," yaani hongera kwa kazi, mama.

 Kisha nikasikia, kutoka juu yangu, sauti ya Namuli ya kawaida, ya jikoni. "Kale. Naawe gyebaleko."

"Mmm," nikasema.

"Mmm," akasema.

Akaniuliza watu wa nyumbani hawajambo. Nikasema wako. Nikamuuliza na yeye. Akasema wako. Mmm. Mmm. Wanavyofanya, kama njiwa wawili kwenye bati, mpaka salamu zote ziishe. Yule mama wa ofisi alitungoja mdomo wazi. Hakuna mtu aliyewahi kusalimiana kwa urefu huo Kileleshwa.

Namuli akashusha pumzi. Akamgeukia yule mama, akaongea Kiingereza chake cha shule ya misheni, wazi kabisa, nami nawawekea kwa Kiswahili.

"Huyu ni bibi yetu."

"Bibi yenu? Wewe na nani?"

"Mimi na kaka yangu. Na ukoo."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu. Huyu alituzalia."

"Kwa hivyo wewe si mama yake."

"Hapana," Namuli akasema, ameshangaa kuulizwa. "Mimi ni baba."

Mlinzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Yule mama akaketi. Akauliza, "Lakini ulisema mtoto ni wako." Namuli akasema ndiyo, ni wake. Kama si wa ssenga ni wa nani? Walimuuliza mtoto ni wa nani, hawakumuuliza nani alimzaa.

Nilikuwa bado chini. Namuli akaja akaniwekea Mirembe mikononi, na Mirembe hakungoja mtu atoe maelezo. Alinyonya akiwa amenishika sikio, analia na kumeza pamoja.

"Basi nendeni," yule mama akasema baadaye. "Gari litawapeleka. Na msichukulie vibaya, tulikuwa tunasaidia."

Alikuwa anangoja asante. Sikumpa. Gari lake pia tulilikataa.

Kileleshwa hadi Riruta, kwa miguu

Tulipita Lavington, tukashuka Kawangware. Nilimrudishia lapa yake ya bluu akavaa. Nilinunua mahindi ya kuchoma, tukagawana, na hakuuliza chakula kitaletwa lini. Aliniuliza kitu kimoja tu, tulipokuwa tunavuka daraja.

"Yule mzee wa ngazi. Nilikosea nini katika salamu?"

Nikamwambia hukukosea.

"Mbona hakuitika?"

 Nilimweleza kwamba hapa mtu akipiga magoti mjini huwa anaomba.  "Basi walinipa," akasema. "Hawakunitukana. Walidhani nina njaa." Kisha akasema, "Lakini bado hakuitika."

Tulipoingia getini kwetu mlikuwepo wengi. Mzee Njoroge alikuwa ameketi pale kwenye jiwe, akasimama, akanyoosha koti, akajiweka tayari. Namuli akamwendea. Akanyoosha mkono akiwa amesimama wima.

"Sasa, Mzee," akamwambia.

Mlicheka, nakumbuka. Mlisema amekuwa wa Nairobi. Mimi nilimwona Mzee Njoroge. Aliushika ule mkono kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akaniuliza kando, "Nimemkosea wapi?"

Hilo ndilo lililonipeleka mjini tena kesho yake. Si gari, si chai, si ile kadi.

Mjini tena, meza ya maoni

Mkutano ulikuwa ukiendelea kwa siku ya mwisho. Mlango wa pembeni sasa ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na meza na kijana mwenye tai anayepokea maoni ya wananchi.

"Nimekuja kutoa malalamishi," nikamwambia.

"Hapa ni maoni kuhusu muungano tu, madam. Malalamishi sijui ni wapi."

"Ni kuhusu muungano."

Akanipa karatasi. Niliandika nikiwa nimesimama, na nikamfanya aisome kwa sauti kabla ya kuipiga muhuri, ili asije akasema hakuelewa mwandiko. Alianza haraka haraka. Kufika mwisho alikuwa anasoma polepole. Nawanakilia kama ilivyopokelewa:

Kwa Mwenyekiti wa mkutano huu.

Mimi ni mkaaji wa Riruta, mke wa Mganda, mama wa mtoto mmoja ambaye hapa mnasema ni mgeni. Nilikuja kuwauliza swali juu ya huyo mtoto. Swali hilo naliacha kwanza, kwa sababu kuna jambo dogo kuliko hilo ambalo limewashinda.

Jana wifi yangu, mgeni kutoka mojawapo ya nchi mnazotaka kuunganisha, alikusalimia wewe mwenyewe kwenye ngazi za mlango wa mbele, kwa adabu ya kwao, mtoto wangu akiwa mgongoni mwake. Ulimtupia sarafu ukapita. Wenzako wakafanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo soja wenu alimtoa, akapakiwa kwenye gari pamoja na mtoto ninayemnyonyesha, na nusura wapelekwe mpakani.

Soja simlaumu sana. Alifuata alichoona wewe umefanya.

Sidai fidia. Sarafu zenu zote ziko ndani ya kitambaa nilichokiambatanisha. Sikuzihesabu.

Ninachodai ni kimoja. Wifi yangu yuko Riruta, ploti ya pili baada ya kituo cha maji, hadi mwisho wa mwezi, kisha anarudi kwao. Mtu yeyote atawaonyesha. Si lazima uje na gari refu na si lazima upige magoti.

Alikusalimia. Hujaitika.